Jina la Malipo na Jina la Mdaiwa: Historia Fupi ya Istilahi za Ada ya Chuo Kikuu

UTANGULIZI

Miongoni mwa kazi zinazoletwa mezani petu kila mwaka ni matangazo ya ada. Chuo huleta orodha ya malipo ya mwaka unaokuja, iliyoandikwa kwa Kiingereza, na kuomba ifasiriwe ili wazazi nao waweze kuisoma. Hivi karibuni tuliletewa orodha moja ya namna hiyo. Ilikuwa na safu mbili: safu ya kushoto ilitaja malipo kwa shilingi, na safu ya kulia kwa dola za Marekani. Mfasiri aliyeijaribu kazi hiyo kabla haijatufikia alikuwa ameandika juu ya safu ya kwanza "Wanafunzi wa Nyumbani", na juu ya safu ya pili "Wanafunzi wa Ng'ambo".

Tulicheka kidogo, kisha tukaacha kucheka. Mwanafunzi wa nyumbani, kwa Kiswahili cha kawaida, ni yule anayefundishiwa nyumbani kwao. Neno hilo halisemi lolote juu ya uraia wake. Na ng'ambo ni upande wa pili wa maji. Kwa mkazi wa Kigoma, Mkongo ni mtu wa ng'ambo hasa, maana ziwa liko kati yao. Lakini Mkenya anayeingia nchini kwa basi pale Namanga havuki maji ya kumfanya mtu wa ng'ambo. Kwa Mzanzibari, Ng'ambo ni sehemu ya mji wake mwenyewe. Mfasiri alikuwa amefasiri maneno sawasawa na kamusi, na maana ikampotea.

Kosa hilo lilitufanya tuirudie historia ya istilahi zote za malipo ya chuo kikuu tangu uhuru: ada, karo, mchango, mkopo, ruzuku, tozo, na majina wanayopewa wale wanaolipa. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jambo moja. Kila jina lililopewa malipo hayo limebeba ndani yake jibu la swali hili: nani anamdai nani? Jina likibadilika, mdaiwa hubadilika. Na mara nyingine mdaiwa hubadilika kwanza, jina likabaki nyuma likimficha.

ADA, KARO NA CHUO

Neno ada limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni desturi. Kiswahili kililipokea kwa maana hiyo, kisha kikaliongezea nyingine: malipo ambayo hayakuwekwa na sheria wala hayakupatanwa sokoni, bali hutolewa kwa sababu ndivyo ilivyo desturi. Mganga alikuwa na ada yake, kungwi alikuwa na ada yake, na mwalimu wa Kurani vilevile. Kiasi chake kilijulikana na watu wote, na asiyekuwa nacho aliweza kumlimia mwalimu shamba. Ada, basi, ilikuwa malipo ya heshima kati ya watu wanaojuana.

Yafaa ikumbukwe kwamba chuo cha kwanza katika lugha yetu ni hicho hicho cha mwalimu wa Kurani. Chuo kilikuwa kitabu, kisha kikawa mahali pa kusomea kitabu. Ndipo mwanachuoni akawa mtu aliyezama katika elimu. Tulipohitaji jina la taasisi kubwa ya elimu ya juu hatukwenda mbali. Tuliongeza sifa tu, tukapata chuo kikuu. Lakini tulipokichukua chuo tuliichukua na ada yake, na neno lililozoea malipo ya watu wanaojuana likapewa kazi ya kutaja malipo yanayodaiwa na mhasibu asiyemjua mtoto wala mzazi.

Nchini Kenya neno lililoenea ni karo. Mzazi wa Nakuru hulipa karo na mzazi wa Dodoma hulipa ada. Kwa Watanzania wengi karo ni kwanza shimo la maji machafu, na wapo wanaotabasamu wasikiapo kwamba mtoto amerudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Hatuoni sababu ya kulifukuza neno lolote kati ya hayo mawili. Lugha yenye nchi nyingi ina haki ya kuwa na visawe.

Tofauti inayofaa kushikwa kwa nguvu ni ile iliyopo kati ya ada na gharama. Gharama ni kile chuo kinachotumia ili kumfundisha mwanafunzi mmoja. Ada ni kile mwanafunzi anachodaiwa. Mfano mzuri unatoka Kenya. Katikati ya miaka ya 1990 gharama ya mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu cha umma nchini humo ilikadiriwa kuwa shilingi 120,000 za Kenya kwa mwaka, na ada ya mafunzo ikawa shilingi 16,000. Anayeandika "gharama za chuo" akiwa na maana ya shilingi 16,000 amemfuta mlipaji wa pili, yaani umma, uliobeba sehemu kubwa ya zile zilizosalia. Na umma ukisha kufutwa katika lugha, huwa rahisi kuufuta katika bajeti.

DENI LISILOANDIKWA

Chuo kikuu cha kwanza katika Tanganyika kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, katika jengo la TANU lililokuwa Mtaa wa Lumumba jijini Dar es Salaam. Kilianza na kitivo cha sheria peke yake, kikiwa chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Mwaka 1964 kikahamia mlimani. Na tarehe 1 Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Katika miaka hiyo ya mwanzo taifa lilikuwa na wasomi wachache mno, na serikali ilibeba masomo, chakula na malazi ya wale iliowachagua. Mwanafunzi hakuletewa hesabu. Lakini kutoletewa hesabu si kutodaiwa. Mwalimu Nyerere alipenda kumfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta kingine. Katika mfano huo hakuna ada, hakuna mkopo, hakuna riba. Lakini deni lipo, na ni zito kuliko la fedha, kwa sababu halina kiwango na halina risiti.

Uzito wa deni hilo ulionekana mwaka 1966. Serikali ilikuwa imeamua kwamba wahitimu waingie Jeshi la Kujenga Taifa, na kwamba kwa miezi 18 ya utumishi huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti hayo. Zaidi ya 300 kati yao walifukuzwa chuoni na kurudishwa kwao, na Mwalimu akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Pande mbili zilizokutana siku ile zilikuwa zikibishana juu ya neno ambalo halikuwa limeandikwa popote. Kwa serikali, ile asilimia 60 iliyokatwa ilikuwa malipo ya deni. Kwa wanafunzi ilikuwa adhabu, maana hakuna aliyewaonyesha karatasi waliyotia sahihi kwamba wanadaiwa.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilizidi kulikaza fundo hilo: kijana aliyemaliza kidato cha sita alitakiwa kwanza afanye kazi, na apate sifa njema kwa wale aliofanya nao kazi, ndipo aingie chuo kikuu. Malipo yalitangulia huduma. Hata hivyo lugha ya hadhara haikuyaita malipo. Iliyaita wajibu.

MCHANGO USIOCHANGWA

Uchumi wa nchi zetu ulipodidimia katika miaka ya 1980, lugha hiyo ya wajibu haikuweza tena kuendesha vyuo. Mwaka 1988 Benki ya Dunia ilitoa ripoti kuhusu elimu katika Afrika iliyo kusini mwa Sahara, na mojawapo ya mapendekezo yake ni kwamba wanafunzi na wazazi wabebe sehemu ya gharama za elimu ya juu. Tanzania iliuanza utaratibu huo mwaka 1992. Kwa awamu ya kwanza, nauli, malipo ya maombi na ya uandikishaji yalirudishwa kwa mwanafunzi na mzazi wake. Kwa awamu ya pili, iliyoanza mwaka wa masomo wa 1993/94, chakula na malazi vikaongezwa, na mwanafunzi akakopeshwa fedha za kuvigharimia. Ada ya mafunzo iliachwa ije baadaye.

Utaratibu huu ulihitaji jina la Kiswahili, na jina lililopatikana ni kuchangia gharama, au uchangiaji wa gharama. Sisi tunaona kwamba hili ndilo tukio kubwa kuliko yote katika historia ya istilahi za ada.

Mchango ni neno lenye heshima kubwa katika Kiswahili. Tunachangia harusi, tunachangia msiba, tunachangia matibabu ya jirani. Mchango una sifa tatu. Kwanza, mtoaji hupima mwenyewe uwezo wake. Pili, hutolewa na wengi kwa ajili ya mmoja. Tatu, asiyekuwa nacho huja na mikono yake, akapika, akachota maji, na hakuna anayemfukuza. Elimu ya juu ya Afrika Mashariki iliwahi kujengwa kwa mchango wa kweli wa namna hiyo. Mwaka 1959, Tom Mboya na wenzake walipowapeleka vijana kusoma Marekani kwa ndege, ile ndege ya kwanza ikiwa na wanafunzi 81, jamaa na majirani kijijini walifanya karamu za chai na kukusanya fedha, kila mmoja kwa kadiri yake, ili kijana asiondoke mikono mitupu.

Sasa tuulinganishe mchango huo na ule wa mwaka 1992. Kiwango kiliwekwa na mamlaka, si na mtoaji. Kila mmoja alilipa kwa ajili ya wake, si wengi kwa ajili ya mmoja. Na asiyelipa aliweza kuzuiwa. Katika sifa zote tatu hakuna hata moja iliyobaki, isipokuwa jina. Hatusemi kwamba utaratibu wenyewe ulikuwa mbaya. Serikali iliyoishiwa haina njia nyingi, na tangu hapo idadi ya vyuo na ya wanafunzi imeongezeka mara nyingi. Tunasema kwamba neno liliazimwa kutoka msibani na harusini likapelekwa dirisha la mhasibu, na mzazi aliyelisikia alidhani ataulizwa, "Ndugu, una kiasi gani?" Hakuulizwa.

Majirani zetu walipita njia hiyo hiyo wakati ule ule. Makerere ilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia mwaka 1992, na kabla ya muongo kwisha wanaojilipia walikuwa wengi kuliko waliogharimiwa na serikali. Profesa Mahmood Mamdani aliyaandika mageuzi hayo katika kitabu alichokitoa mwaka 2007, ambacho jina lake linawaweka wasomi sokoni. Huko Makerere walau jina lilisema kweli: mwanafunzi wa kujilipia ni anayejilipia, na hakuna aliyedanganyika kwa neno.

MNUFAIKA NA MDAIWA SUGU

Kenya iliwakopesha wanafunzi wake wa vyuo vikuu tangu mwaka 1974, na kwa sheria ya mwaka 1995 ikaunda bodi maalumu ya kazi hiyo. Tanzania iliunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, nayo ikaanza kazi Julai 2005. Uganda ilifuata kwa sheria ya mwaka 2014. Hapo ndipo neno mkopo liliposhika usukani.

Kamusi za zamani zinaeleza kitenzi kopa kwa maana mbili: kuchukua kitu kwa ahadi ya kulipa baadaye, na kulaghai. Maana ya pili imefifia, lakini hadhari yake imebaki katika methali: kukopa harusi, kulipa matanga. Wahenga hawakumlaumu mkopaji wala mkopeshaji. Walionya tu kwamba siku ya kupokea na siku ya kulipa hazifanani, ijapokuwa fedha ni ile ile.

Istilahi za mikopo ya elimu ya juu zimelithibitisha onyo hilo kwa namna ambayo wahenga wenyewe wangeistaajabia. Siku kijana anapopokea fedha huitwa mnufaika. Akishindwa kulipa kwa muda uliowekwa, magazetini huitwa mdaiwa sugu. Mtu ni yule yule, mkataba ni ule ule. Neno mnufaika humtaja aliyepata faida, nalo halimwambii kwamba amekopa; neno mdaiwa sugu humtaja kwa ila, kana kwamba hakuwahi kunufaika. Kati ya majina hayo mawili hakuna nafasi ya jina la kawaida, la mtu mzima, ambalo lugha imekuwa nalo siku zote: mkopaji.

Wanafunzi wenyewe walijibuniwa neno lao. Fedha za kujikimu waliziita bumu, na siku ya bumu ilijulikana chuo kizima, kwa mama ntilie na kwa muuza mitumba. Neno hilo la mtaani halikupita katika kamati yoyote, lakini linatufundisha jambo: walilitaja tukio la kupokea, si la kulipa. Sisi tulioyaandika makala haya tulikuwa miongoni mwao. Tulitia sahihi karatasi za Kiingereza tukiwa na miaka ishirini hivi, na hatukuuliza maana ya neno hata moja, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na bumu lilikuwa karibu. Lawama ya hilo ni yetu. Lakini ndiyo sababu leo, tukiwa katika kazi ya maneno, hatuwezi kuliona jambo hili kuwa dogo.

Mfano wenye mafunzo zaidi ni tozo. Mkopo wa Tanzania haukuwa na riba, na jambo hilo lilikuwa na uzito kwa Waislamu, ambao dini yao inakataza riba. Hata hivyo deni liliongezwa asilimia 6 kwa mwaka kwa jina la tozo ya kulinda thamani ya mkopo. Mwanauchumi atasema, na atakuwa na hoja, kwamba kuilinda fedha isiliwe na mfumuko wa bei si sawa na kuchuma faida. Mkopaji atauliza, naye ana hoja, kwamba ikiwa kila mwaka deni linakua, jina lina faida gani? Kazi ya mwanaistilahi si kuamua kati yao; ni kuhakikisha kwamba anayesoma neno anajua litamfanya nini. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021. Kabla yake, mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016 yalikuwa yamepandisha makato ya marejesho kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na hapo wengi waligundua, wakiwa kazini, kwamba hawakujua tofauti kati ya kiwango cha makato na kiwango cha deni.

Kwa upande wa fedha zisizorudishwa lugha yetu ni tajiri, na utajiri huo haujatumiwa vizuri. Ruzuku ni ndugu wa riziki. Asili yake ni kile Mungu anachomjalia mja, asichodaiwa. Ufadhili una fadhila ndani yake, na fadhila hukumbukwa hata kama hailipwi. Karadha ni fedha iliyokopeshwa bila nyongeza. Maneno haya yana daraja zake, na fomu inayoyachanganya humchanganya mtu katika jambo litakalomfuata miaka mingi.

WENYEJI NA WAGENI

Sasa tuzirudie zile safu mbili tulizoanza nazo. Katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki cha 1963 hadi 1970 mpaka haukuwa na kazi kubwa. Mtanganyika aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, na Mganda au Mkenya aliyetaka sheria alikuja Dar es Salaam. Yoweri Museveni aliingia Dar es Salaam mwaka 1967 na kuhitimu mwaka 1970. Alikuwa Mganda, lakini chuo kilikuwa chake kwa haki sawa na mwenzake wa Songea. Chuo kilipogawanyika Julai 1970, ugeni ulizaliwa kwa tarehe.

Maneno ya kuutaja ugeni huo yalikuwa tayari yamekwisha kutengenezwa kwingine. Uingereza, ambako vyuo vyetu vilipata taratibu zao nyingi za uendeshaji, ndiko mgawanyo wa "nyumbani" na "ng'ambo" ulikotiwa bei. Mwaka 1967 serikali ya nchi hiyo ilipandisha ada ya wanafunzi waliotoka nje hadi pauni 250, ilhali ya wenyeji ilikuwa kiasi cha pauni 70. Kuanzia mwaka wa masomo wa 1980/81 waliotoka nje walitakiwa walipe ada inayolingana na gharama kamili. Kisha zamu ikawafikia wenyeji nao: mwaka 1998 walianza kutozwa pauni 1,000, na katika England kikomo kikapanda hadi pauni 3,000 mwaka 2006 na pauni 9,000 mwaka 2012. Mlango uliofunguliwa kwa mgeni haukufungwa alipofika mwenyeji.

Lakini jambo linalotuhusu zaidi ni hili. Huko Uingereza, "wa nyumbani" hapimwi kwa pasipoti peke yake. Hupimwa zaidi kwa ukaazi, kwa kawaida wa miaka 3 kabla ya masomo. Mwingereza aliyeishi ughaibuni muda mrefu aweza kutozwa ada ya mtu wa nje. Kwetu sisi kipimo kilichozoeleka ni uraia. Kwa hiyo anayefasiri neno lao kwa "raia" hukosea kuhusu Uingereza, na anayelifasiri kwa "mkaazi" hukosea kuhusu Tanzania.

Kosa hilo si la vitabuni tu. Katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu walikuzwa watoto wa wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972. Walizaliwa Tanzania, walisoma Tanzania, Kiswahili kilikuwa lugha yao. Kwa kipimo cha ukaazi walikuwa wenyeji kuliko wengi. Kwa kipimo cha uraia walikuwa wageni. Mwaka 2014 watu zaidi ya 160,000 wa kundi hilo walipewa uraia wa Tanzania. Kijana aliyekuwa katika safu ya kulia aliamka katika safu ya kushoto, na yeye mwenyewe hakuwa amesogea hata hatua moja.

Mikataba nayo imelifanya jambo hili kuwa la haraka. Itifaki ya Elimu na Mafunzo ya SADC ya mwaka 1997 iliweka lengo kwamba, ndani ya miaka 10 tangu ianze kutumika, vyuo vikuu viwatoze wanafunzi kutoka nchi wanachama ada ile ile wanayotozwa wenyeji. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyofufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999, ilitangazwa na wakuu wa nchi zake mwaka 2017 kuwa eneo moja la elimu ya juu. Mtu aweza basi kuwa mgeni kwa pasipoti na akastahili ada ya mwenyeji kwa mkataba. Orodha yenye safu ya "raia" na safu ya "wageni" haina mahali pa kumweka.

MAPENDEKEZO

Kwa kuzingatia historia hiyo tunapendekeza yafuatayo, yajadiliwe na wadau kabla ya kusanifiwa:

(a) Ada ya mafunzo itumike kwa malipo ya kufundishwa peke yake. Malipo ya malazi, mitihani na uandikishaji yatajwe kwa majina yake. Karo ikubaliwe kuwa kisawe cha ada.

(b) Gharama ibaki kwa kile kinachotumika, si kile kinachodaiwa.

(c) Mchango uachiwe malipo ya hiari. Palipo na lazima paandikwe malipo ya lazima. Na ule utaratibu wa kugawana gharama uitwe hivyo hivyo, mgawano wa gharama, ili kila mgawanaji aulize sehemu yake ni ipi.

(d) Anayekopa aitwe mkopaji tangu siku ya kutia sahihi hadi siku ya kumaliza deni. Mnufaika abaki kwa aliyepata ruzuku au ufadhili.

(e) Juu ya zile safu mbili tusitaje watu, tutaje ada: ada ya wenyeji na ada ya wageni. Kisha chini yake chuo kieleze nani anastahili ipi, awe raia, mkaazi, au mtu wa nchi ya mkataba. Ndani ya neno mwenyeji bado yasikika maneno "mwenye mji", na mji waweza kuwa mkubwa kuliko nchi.

HITIMISHO

Wapo watakaosema kwamba haya ni maneno tu, na kwamba ada haipungui kwa kuitwa vizuri. Ni kweli haipungui. Lakini tangu mwaka 2021 sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Maneno tunayoyachagua leo kwa ajili ya fomu yatasomwa kesho na hakimu, na mzazi aliyedhani anachanga atahukumiwa kama aliyekopa. Dawa ya deni ni kulipa, wahenga walisema. Lakini kabla ya dawa mgonjwa ana haki ya kuambiwa jina la ugonjwa.

Mwaka 1966 vijana na serikali yao waligombana juu ya deni ambalo hakuna aliyekuwa amelitaja kwa jina. Leo deni lina majina mengi kupita kiasi. Tunawaomba wasomaji wetu, hasa wasajili wa vyuo, wahasibu, wanasheria na wazazi, watuletee maoni yao juu ya mapendekezo haya. Ile orodha yenye safu mbili bado ipo mezani petu. Chuo kinaisubiri, na mwaka wa masomo hausubiri kamati.